Punje kwa Unga

Mafuta, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyojua kuteleza, alikuwa akimalizia chai aliposikia mwenye mkahawa, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akimlalamikia mpishi wake. Mashine ya kusagia imeharibika, pilipili manga ya unga imekwisha, na mchana wanakuja wageni wa harusi kunywa supu. Gunia la punje lipo stoo, lakini nani atamwaga punje nzima kwenye supu kama kokoto?

Mafuta akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyetumwa na Mungu kusaidia.

Akajitambulisha kuwa mfanyabiashara wa viungo, mwenye unga wa pilipili uliosagwa jana. Fedha hataki. Wabadilishane tu, maana punje hukaa na harufu yake muda mrefu, unga huchuja upesi. Hilo lilikuwa kweli. Mafuta hupenda kutia ukweli kidogo kwenye maneno yake, kama chumvi.

Pilipili hakuwa nayo. Alikuwa na mbegu za papai alizookota kwa muuza juisi, akazianika na kuzisaga pamoja na mkaa. Akakimbia nyumbani, akajaza mikebe miwili, na juu akanyunyiza pilipili halisi aliyoomba kwa jirani.

Mama akanusa, akapiga chafya, akaridhika. Kisha akaugonga mkebe mezani, na unga ukashuka hadi nusu, kwani Mafuta alikuwa ameuchambua kwa uma ili utune.

"Unga haupimwi kwa kugongwa, mama," alisema Mafuta kwa masikitiko.

Wakabishana, wakaafikiana mikebe miwili ya unga kwa mmoja wa punje. Mama akamwonjesha punje ya juu. Ulimi ukawaka moto.

Mafuta akaondoka akitembea kama bwana harusi mwenyewe, moja kwa moja hadi kwa mwenye bucha kumuuzia punje zake. Huyo akatafuna punje ya katikati, akatafuna ya chini, kisha akamuuliza kwa utulivu tangu lini mbegu za papai zinauzwa.

Damu ikamchemka Mafuta. Dunia imeharibika, alijiambia, mtu mwaminifu hawezi kuishi. Akarudi mbio mkahawani, akakuta wageni wamejaa na supu mezani.

"Mama, zile punje zako..."

"Hata mimi nina neno kuhusu unga wako," alisema mama akitabasamu. "Anza wewe, mwanangu."

Mafuta akasema alikuja kuzisifu tu. Mama akamkalisha katikati ya wageni, akawatangazia kwamba huyu ndiye aliyeleta kiungo cha supu. Wakampigia makofi. Bakuli likaja, kubwa, jeusi. Mama mwenyewe alipokaribishwa alisema leo tumbo lake halitaki.

Mafuta akanywa huku macho yote yakimtazama, mkaa ukimkwaruza meno. Babu wa bibi harusi akasema supu ni tamu, ila inanukia moshi.

"Moshi ndiyo siri ya kazi, babu," Mafuta akajibu kwa heshima.

Babu akafurahi sana, akaagiza Mafuta aongezewe bakuli la pili.