Michezo ya Hadithi kwenye Chekeche

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Mbinga leo hata kalamu inatetemeka. Steshenari haina mteja. Afadhali, maana nina kazi kubwa kuliko kutoa kopi. Hamphrey wa Songea, mwenye Hifadhi ya Michezo ya Hadithi mtandaoni, anatafuta msimamizi wa rafu ya Kiswahili. Michezo yenyewe ni ile ya picha na maneno chini yake: unasoma, unabofya mhusika akubali au akatae, hadithi inaendelea. Imerundikana humo kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Atakayeipanga vizuri kufikia Jumapili ndiye msimamizi. Tuko wawili tu: mimi, na Ottilia wa Kihagara, anayeuza vocha duka la jirani.

Tatizo dogo. Jana niliitangazia jumuiya yetu kwamba cheo nimeshapata. Mama Aurelia, mwenyekiti, akaongoza sala ya shukrani. Sala ya watu hairudishwi!

Jumanne, 15 Julai

Ottilia anacheza kila mchezo mpaka mwisho. Kila mmoja! Eti anataka kujua mchezaji ana uamuzi kiasi gani, na hadithi ina miisho mingapi, ndipo aseme ni mapenzi, upelelezi au vitisho. Nimemwambia kwa upole kwamba mtoto wa mkulima wa kahawa haonji buni moja moja. Tuna chekeche. Punje kubwa daraja la kwanza, ndogo la tatu, kwisha habari. Basi faili nzito daraja la kwanza, nyepesi la tatu. Akajibu kwamba kwao ziwani usipa ni samaki mdogo kuliko wote, na ndio unaogombewa sokoni. Watu wa ziwani! Kila kitu kwao samaki.

Nilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Wa kwanza kwa uzito, kwa bahati tu, ni mchezo nilioutunga mwenyewe, uitwao Tadea wa Mbinga Mjini. Kijana mtanashati aitwaye Dunstan anamposa Tadea. Dunstan ni mimi. Tadea hayupo duniani, ndiyo maana hajanikataa. Uzito unatokana na picha zangu, ambazo sikuzipunguza. Uzuri haupunguzwi.

Alhamisi, 17 Julai

Wazo jingine, la marehemu babu. Kahawa mbivu ukiimwaga kwenye maji, mbovu inaelea. Unaiengua kabla ya kukoboa. Kwa hiyo mchezo wowote unaogoma kufunguka kwenye kompyuta yangu, huo unaelea. Nimeengua mingi na kuifuta. Kompyuta yangu ni ya zamani, kweli, lakini hata maji ni ya zamani.

Mchana akapita Mama Aurelia. Nikamwamkia Shikamoo, akaitikia Marahaba mwanangu, akaomba mchezo wa kuwatuliza wajukuu wakati yeye anaanua kahawa kichanjani. Nikampa ule wa pili katika daraja la kwanza. Sikuufungua. Uzito wake ulijieleza.

Ijumaa, 18 Julai

Mchezo ule ulihusu mzimu unaokula makatekista. Mume wa Mama Aurelia ni katekista.

Wajukuu wamelala wamemng'ang'ania babu yao asitoke hata kwenda msalani. Mama amekuja dukani, hata Shikamoo yangu hakuitikia. Amesema kama hili ndilo daraja la kwanza, bila shaka kwenye la tatu wanaliwa maaskofu. Ottilia akasikia, akaja mbio na mchezo mdogo kabisa kutoka daraja langu la tatu: majirani wawili wanagombania kuku, mchezaji anawapatanisha. Jioni nikapita pale kwa Mama Aurelia. Kicheko mpaka barabarani. Watoto wanamwita shangazi Ottilia. Mimi nikajifanya naenda mbele. Roho imeniuma.

Jumamosi, 19 Julai

Hamphrey amepiga simu. Ameuliza uko wapi mchezo wake wa kwanza, alioutunga kabla Hifadhi haijazaliwa. Nikamweleza kitaalamu kwamba ulielea. Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Ottilia alikuwa na nakala. Bila shaka alikuwa na nakala!

Jumapili, 20 Julai

Msimamizi ni Ottilia. Baada ya misa, mbele ya jumuiya nzima, Mama Aurelia ameuliza kama ile sala ya shukrani tuihamishie kwa Ottilia au tuanze upya. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nimeaibika, nasema wazi.

Halafu uamuzi wake wa kwanza! Amekataa kumweka Tadea kwenye rafu ya Mapenzi, akamweka Vitisho. Nikaenda kumwuliza, nikiwa bado na suti ya misa. Akasema, kaka Dunstan, nimejaribu kila njia. Tadea akikataa posa, anaolewa na Dunstan. Akipanda basi kwenda Songea, kondakta ni Dunstan. Akiingia utawa, Dunstan anatokea nyuma ya altare na pete. Eti hakupata usingizi. Eti mchezo ambao msichana hawezi kusema hapana na ikawa hapana, haukai rafu ya mapenzi hata siku moja. Nilitafakari sana maneno hayo, kutoka dukani kwake mpaka dukani kwangu.

Jioni nikafungua Hifadhi. Kumbe Vitisho ndiyo rafu inayotembelewa kuliko zote! Na juu kabisa, Tadea! Dada wa watu amenipandisha cheo, akaona haya kusema. Hata kukosa usingizi kwake sasa nakuelewa. Kesho naiarifu jumuiya. Sala itatosha, hakuna haja ya kuihamisha.

Nimeshaanza mchezo mpya. Msichana anatoka Kihagara, anauza vocha, anasimamia rafu. Picha zangu nimeziongeza ukubwa. Nimempa machaguo mengi kuliko Tadea, maana ninajua anapenda uamuzi. Yote yanaishia kanisani.