Rubani Asiyewahi Kupanda Ndege

Jumatatu, 3 Juni

Nimefutwa tena. Sentensi moja tu, jamani. Niliiongeza kwenye ukurasa wa Shirika la Ndege katika ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo eti kila mtu ana ruhusa ya kuihariri. Niliandika kwamba ndege ya kwanza ya Shirika ilipotua, aliyeiongoza hadi mahali pa kuegesha, amesimama chini na vibao viwili vyekundu mikononi, alikuwa marehemu baba yangu. Kweli tupu. Imefutwa hata chai yangu haijapoa.

Mfutaji ni yule yule, mhariri wa kujitolea. Jina lake la mtandaoni ni tarakimu tupu, kwa hiyo namwita Bwana Chanzo, maana hana neno lingine. Kasema kwa adabu kwamba habari isiyo na chanzo kilichochapishwa haikai. Nikamjibu kuwa chanzo ni mama yangu mzazi. Akasema anamheshimu sana mama yangu, ila hajachapishwa.

Mama yuko kitandani tangu mvua zilipoanza. Moyo. Shirika linatimiza miaka hamsini mwezi huu, na redio haichoki kutaja marubani, mawaziri, hata mbwa wa ulinzi. Mama alisema juzi angependa kusikia jina la mumewe likisomwa mahali, popote, kabla hajamfuata. Alisema kwa utani. Dada hakucheka, nami sikucheka.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa! Kosa langu lilikuwa ukweli. Gazeti gani litahangaika na mtu aliyesimama chini akipunga mikono? Rubani mkuu wa safari ile anajulikana, ana mpaka mtaa wenye jina lake. Lakini rubani msaidizi hakuna anayemkumbuka. Kiti kiko wazi. Nimemkalisha Baba, pale pale kwenye ukurasa.

Kisha nikampigia Mwandishi, niliyekaa naye dawati moja shuleni. Anaandaa toleo maalumu la miaka hamsini na hana habari mpya. Nikamwambia auangalie ukurasa haraka. Akauliza kama ni kweli. Nikasema imeandikwa kwenye kamusi elezo. Akasema basi, hapo hakuna neno.

Bwana Chanzo kafuta mchana. Amechelewa. Mpango ni huu: gazeti litoke, nipate chanzo, jina la Baba likae. Kazi yake nitairekebisha pole pole, mambo yakitulia. Jina kwanza, ukweli baadaye.

Ijumaa, 7 Juni

Limetoka. Ukurasa wa tano, juu, na picha ya ndege. Nimefunga duka langu la fotokopi mapema na kuirudisha sentensi, safari hii na marejeo kamili: gazeti, tarehe, ukurasa. Bwana Chanzo ameipokea. Amenishukuru kwa chanzo kizuri. Nilitembea hadi nyumbani kifua mbele.

Jumapili, 9 Juni

Leo nimemsomea Mama. Dada alikuwa amemwinua kwenye mito, bakuli la uji mkononi. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji. Mama akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza huyo mtu ni nani.

Nikasema ni Baba. Akasema mumewe hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote, alikuwa anaogopa hata ngazi ya kubadilishia taa. Kisha akaisimulia ile habari ya kifungo, ambayo tunaijua kama tunavyoijua sebule yetu. Msichana mmoja mhudumu wa ndege alikatikiwa na kifungo cha koti. Baba akatumwa akimbie nalo kwa fundi cherehani aliyekuwa nje ya geti la uwanja wa ndege. Fundi alikuwa Mama. Alishona kifungo kile taratibu makusudi, ili yule kijana mwenye mikono mirefu akae.

Halafu akasema amekuwa mjane wa mtu mmoja miaka yote hii, na sasa mwanawe anamletea mwingine asiyemjua. Akaniomba nimtoe huyo rubani na kumrudisha mwenye vibao. Akageukia ukutani. Uji ulibaki.

Dada alinifuata barazani na kunitolea uvivu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, alisema. Niliumia kuliko nilivyoonyesha.

Jumatano, 12 Juni

Nimebadilisha "rubani msaidizi" kuwa "mwelekeza ndege". Bwana Chanzo karudisha rubani. Gazeti linasema rubani, kasema. Je, nina chanzo kingine? Nikamwambia mimi ni mtoto wa marehemu. Akauliza, bila ubaya wowote, ni mtoto yupi, maana hata aliyemweka rubani alisema hivyo hivyo.

Dada anasema dawa ni nyepesi: mwambie huyo bwana kwamba ulidanganya. Kwa Dada kila kitu ni chepesi. Yeye hana duka lenye bango la "Uaminifu Ndio Mtaji Wetu".

Nimetafuta njia yenye heshima. Nimefungua akaunti ya pili, "Nahodha Mstaafu", mzee aliyerusha ndege za Shirika tangu siku ya kwanza na ambaye hakumwona kamwe huyo rubani msaidizi. Nilimwandikia ushuhuda mzuri, wenye uchungu, nikampa na mgongo unaouma. Nikautuma. Nilisahau kutoka kwenye akaunti yangu ya zamani. Kwa hiyo ulimwengu mzima unaona mimi, kwa jina langu, nikieleza nilivyorusha ndege kabla sijazaliwa.

Nimefungiwa wiki moja. Bwana Chanzo ameuliza kama niko salama.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda kwa Mwandishi kuomba gazeti lichapishe masahihisho. Uso ukamshuka. Habari ile imebandikwa ukutani pale ofisini, amesifiwa mbele ya wenzake kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Hata hivyo akasema sawa, atafanya, ili mradi niingie kwa mhariri wake na kukiri kwa mdomo wangu kwamba niliwadanganya. Mlango ulikuwa wazi. Mhariri alikuwa anakula ndizi. Nikasema nipe muda nifikirie.

Nyumbani Mama aliuliza kama nimeshamtoa yule mtu. Sauti yake imekuwa nyembamba. Nikasema kesho. Akasema sawa, mwanangu, akanishika kidole gumba kama alivyokuwa akinivusha barabara nikiwa mdogo. Mama hajawahi kunidai kitu mara mbili. Ningependa leo angenidai.

Jumapili, 16 Juni

Mama ametutoka asubuhi, Dada akimbadilishia shuka. Mimi nilikuwa dukani nikitunga barua kwa mhariri wa gazeti, barua ya kusahihisha bila kukiri. Nilikuwa nimefika "kwa bahati mbaya taarifa fulani zilijitokeza". Simu ikalia.

Sina la kuandika.

Jumanne, 18 Juni

Tumemzika.

Walikuja marubani wastaafu watatu, wamevaa sare, na shada kubwa kuliko letu. Walikuwa wameisoma ile habari gazetini. Mkubwa wao alishika kipaza sauti na kusema wamekuja kumsindikiza mjane wa mwenzao. Akaeleza ujasiri wa mwenzao huyo angani. Watu wakatikisa vichwa. Mshereheshaji naye akadaka, na kuanzia hapo Mama akawa mke wa rubani mpaka mwisho.

Nilipewa nafasi ya kuongea kwa niaba ya familia. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Dada alinitazama, hakuwa hata na hasira, alikuwa ananingoja tu. Niliwashukuru watu kwa kuja. Nikawatajia maegesho yalipo. Nikakaa.

Makaburini gari la jeneza lilikwama langoni. Njia nyembamba, nguzo huku na huku, dereva anarudi nyuma kila akijaribu, na kila mtu anampigia kelele zake. Ndipo akatoka nyuma kabisa yule mzee aliyefanya kazi zamu moja na Baba, mwenye vibao mwenzake. Hakuna aliyekuwa amemwalika kusema lolote. Alisimama mbele ya gari, akainua mikono yote miwili. Dereva akamkazia macho. Mzee akaivuta mikono taratibu, njoo, njoo, kushoto kidogo, njoo. Gari likapita bila kugusa nguzo. Likafika kando ya kaburi, akaipishanisha mikono juu ya kichwa. Simama.

Nililia mpaka nikashikwa. Watu wakadhani namlilia Mama peke yake.

Alhamisi, 20 Juni

Bwana Chanzo ni mtu wa kupekua. Amelinganisha tarehe na kuona kwamba rubani alianza kwenye ukurasa, ndipo akaingia gazetini, kisha akarudi kwenye ukurasa akijiita habari yenye chanzo. Kama mtu aliyejiandikia barua ya utambulisho. Amefuta yote. Rubani hayupo, mwenye vibao hayupo. Pale alipokuwa Baba sasa pana bei ya mafuta ya ndege ya mwaka ule.

Amenitumia pole. Aliona tangazo la msiba. Kasema hanilaumu, na kwamba kama yupo aliyefanya kazi na marehemu na bado yu hai, maktaba kuu inarekodi na kuchapisha kumbukumbu za wafanyakazi wa zamani. Akipata chanzo hicho, ataiweka sentensi kwa mkono wake mwenyewe, usiku huo huo.

Dada kasema amekwisha zungumza na yule mzee. Yuko tayari, hata kesho. Nimpeleke tu maktaba. Nikasema wazo zuri sana. Nitampeleka.

Jumamosi, 22 Juni

Sijampeleka mzee. Atapelekwa, haraka ya nini. Jana nilikuwa na shughuli kubwa zaidi.

Nimekaa nikimwaza Mama, na kile kifungo, na namna alivyonishika kidole. Nikajiuliza, je, yeye? Nani atamtaja? Alilala akimwomba mtoto wake neno moja tu la kweli, akazikwa kwa cheo cha mwingine. Roho imeniuma sana. Ni haki yake awe kwenye ukurasa ule.

Tatizo ni kifungo chenyewe. Kimoja, cha koti moja, la msichana mmoja. Hakina mvuto. Kwa hiyo nimeandika kwamba sare za kwanza za wahudumu wa Shirika zilibuniwa na marehemu mama yangu, mwanamitindo. Kiti kiko wazi, nimeangalia.

Mwandishi hapokei simu zangu. Lakini mjini kuna gazeti la pili, nalo linaandaa toleo lake la miaka hamsini. Tumeongea vizuri. Waliuliza kama ni kweli, nikawaelekeza kwenye ukurasa.

Kifungo nitakirudisha baadaye, mambo yakitulia.