Ombi la Kufutiwa Mazoezi ya Magoti

Ngulyati, Bariadi
23 Novemba 2025
Leo ni miezi kumi na siku kumi na tisa tangu niondoke nyumbani Rombo.

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Shikamoo. Kama wewe ni mdogo kwangu, basi hii ni ya kiti unachokalia.

Mimi ni Rogasian, mpakiaji wa magunia ya pamba, elimu darasa la sita, magoti mawili na yote mabovu. Wiki sita zilizopita mtaalamu wako, Dada Ikupa, aliniambia magoti yamelika ndani. Akanipa kikopo cha dawa ya kupaka na karatasi ya mazoezi, akasema vyote viwili vinasaidia. Nalalamikia karatasi.

Kwanza ujue kwa nini nina haraka. Kwetu Krismasi kila mtu hurudi, na nyumba yangu iko juu mlimani. Mwaka jana nilishindwa katikati ya njia, nikakaa kwenye jiwe. Mama mkwe wangu, bibi wa miaka sabini, akanipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akanisalimia. Akaufikisha, akashuka kuchukua mwingine, akanisalimia tena. Juzi mke wangu Stephania kanipigia simu: "Baba Wilbroad, mwaka huu ukikaa kwenye lile jiwe, mama atakubeba juu ya majani." Hakucheka.

Malalamiko ni haya:

1. Mimi napakia magunia tangu asubuhi, halafu jioni naambiwa nifanye mazoezi. Hapa kila kazi ina kibarua, wa kupalilia yupo, wa kuchunga yupo. Naomba kituo kitafute kibarua wa kufanya mazoezi ya wagonjwa. Nitakaa karibu nimhesabie.

2. Karatasi inasema nikunje magoti, ninyooke, mara kumi. Chumba ni kidogo, nafanyia mlangoni. Sasa kwa Wasukuma, anayekunja magoti mbele ya mkubwa anamsalimia. Kila bibi anayepita anasimama kuniitikia. Bibi Kabula alizisubiri zote kumi, kisha akamwambia mwenye nyumba wangu, Bujiku: "Huyu Mchaga amelelewa. Wa kwako hata moja hawakunji!" Tangu siku hiyo watoto wa Bujiku hawaongei na mimi.

3. Ili nikuletee ushahidi, nilitenganisha magoti. La kulia dawa tu, la kushoto mazoezi tu. Nilipojaribu kukunja mguu mmoja nilianguka, hivyo goti la kulia likawa linalisindikiza la kushoto, lakini bila moyo. Leo yote mawili yana nafuu, sawasawa. Nimefikiri sana. Maana yake dawa ina nguvu mpaka imevuka ikaingia goti la pili, na mazoezi yanajitwalia sifa.

4. Kwa hiyo mazoezi yafutwe wilaya nzima, Dada Ikupa apewe kazi ya kupaka, na mimi nipewe dawa ya ndoo, nipake hata lile jiwe.

Naandika kwa heshima, nikiwa nimesimama. Nisalimie Dada Ikupa, sina kinyongo naye, na mlinzi wa getini, na yule mama wa mapokezi anayeniita babu wakati nina miaka hamsini na mbili.

Rogasian, mpakiaji

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Bujiku kaisoma barua, kasema: "Kaka, usiipeleke." Ana maksai anayechechemea. Dawa yangu aliimalizia kwenye goti la huyo maksai wiki ya kwanza, kikopo akakijaza samli ya mkewe Nyanjige. Mimi nilidhani inanukia maziwa kwa kuwa ni dawa ya mifupa. Maksai kapakwa, kalala zizini bila zoezi hata moja, na bado anachechemea. Mimi nimepaka samli, nimewakunjia magoti mabibi wote wa Ngulyati, na jana nimepakia lori zima bila kukaa.

Barua naileta hivyo hivyo, karatasi nyingine sina. Namba nne ifute. Dawa nipe tena, maana Dada Ikupa alisema vyote viwili na hiyo ya kupaka sijaijaribu vizuri bado. Na aniandikie zoezi la mlima. Naondoka hapa tarehe 19 Desemba. Tarehe 20 jioni nitakuwa chini ya mlima wetu, na mama mkwe nimemtumia ujumbe anisubiri hapo tupande wote. Majani nitabeba mimi.