Mikoko ya Geti Kuu

Hapa Najma, huku Katari, joto likishavunjika, mwezi wa kumi na moja, Wakenya huanza kutembea. Hawaendi dukani wala kazini. Wanakwenda, wanapiga picha, wanarudi. Wanaita haiki. Ijumaa ile jioni tulikuwa nje ya duka la chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, kila mtu na kikombe chake cha karatasi, Pasiwadi akitusomea habari simuni. Pasiwadi ni Dedan, fundi kompyuta wa kutoka Nyeri.

"Skizeni. 'Hali ya hewa imepoa, wakazi wanahimizwa kutoka na kufurahia njia za matembezi.' Mnaona? Hata gazeti limesema."

"Gazeti halijui kama mie nabeba sinia," akajibu Bufee, yaani Kassim, Mpemba, mhudumu wa hoteli. "Wiki nzima natembea, jikoni mezani, mezani jikoni. Leo siku ya mapumziko nipande basi nikatembee tena?"

"Hiyo ya kazi ni stress," akasema Matroni. Huyu ni Phyllis, nesi, ndiye kiongozi wa msafara. "Haiki ni ya akili."

"Akili yangu iko Pemba. Huku nimekuja na miguu tu."

Tulikuwa bado tunacheka Geti Kuu alipotokea mbio. Geti Kuu ni Hamisi, mtu wa Tanga, mlinzi wa jengo moja kule Al Mansoura. Asubuhi alikwenda na kina Matroni kwenye msitu wa mikoko wa Al Thakira, na buti za kazini bado zilikuwa na tope.

"Matroni, futa ile picha!"

"Gani?"

"Uliyoibandika Facebook na jina langu. Time kaiona."

Time ni mkewe.

"Kwani iko na shida gani? Umesmile, umependeza."

"Shida ni hiyo mikoko!"

Akabonyeza simu, sauti ya Time ikajaa barazani: "Hamisi, mimi si mtoto. Hiyo mikoko ni ya Tongoni, nimeokota chaza humo tangu kigori. Uko Tanga wewe! Umefikia kwa huyo mwanamke aliyekushika mkono. Arabuni hakuna hata mti mmoja, maneno ya mdomo wako mwenyewe. Jumatatu naenda kwa kadhi."

Kisha Pasiwadi akamwaga chai kwa kicheko.

"Wueh! Mwanamke ndiye mimi?" Matroni akashika kiuno. "Nilikuwa namtoa kwa matope! Mlinzi mzima wa kusimama siku nzima, amezama hadi magoti!"

"Hebu tuanzie hapa," akasema Bufee. "Nani alimwambia Katari hakuna mti?"

Geti akaangalia buti zake. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Ningesemaje? Ukisema kuzuri, mashemeji watatu wanataka viza. Nikasema mchanga mtupu, hata kivuli cha kukodi hakuna."

"Njia ya mwongo fupi, kaka. Na wewe umeitembea kwa buti."

"Tuma location, buda," akashauri Pasiwadi. "Teknolojia haidanganyi."

Ikatumwa. Jibu likaja kabla chai haijapoa: "Location hata mpwa wangu anaigeuza akimtoroka baba'ke."

Nikampiga Geti picha mbele ya duka, kibao cha Kiarabu juu ya kichwa, muuzaji kando yake. Jibu: "Maandishi ya Kiarabu hata hapa Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, yapo. Na huyo Mhindi namfahamu."

"Nipe hiyo simu, mwanamke kwa mwanamke," akasema Matroni, akaipokonya na kuanza kurekodi. "Hallo dada Time, mimi ndio huyo mwanamke, lakini..."

Geti akairukia, kidole cha Matroni kikateleza, ujumbe ukaenda ulivyo, na "lakini" yake ikiwa ya mwisho.

"Alhamdulillahi," Time akajibu. "Kumbe ana sauti. Basi sisubiri Jumatatu. Mwambie akufulie na hayo mabuti."

Hapo hata Bufee aliacha kucheka. Geti alikaa ukingoni mwa njia. Nilimhurumia, jamani. Huyu ni mtu anayelala na picha ya mkewe chini ya mto, chumba kizima tunajua. Akashika simu kwa mikono miwili, akaanza kurekodi.

"Time mke wangu, naapa kwa..."

Msikiti wa nyuma ya duka ukaadhini. Geti akanyamaza palepale, kama alivyolelewa, kidole kikabaki kwenye kitufe. Adhana yote ikaingia mle, mwanzo hadi mwisho, na muuzaji akivuta mlango wa duka. Alipokumbuka akaachia, ikaenda.

Safari hii Time alichelewa. Alipojibu, sauti ilikuwa imeshuka.

"Hamisi. Hiyo adhana ya nini? Hii si saa ya adhana yoyote huku. Saa kumi na moja haijafika, dagaa wangu bado wako juani. Ni Magharibi hiyo?"

Ni kweli. Saa zetu na za Tanga ni zilezile, lakini jua la huku majira haya linawahi kulala, kwao bado linachoma. Kadhi gani tena angehitajika?

"Umepona, mwanangu!" Bufee akampiga begani.

Lakini ujumbe ulikuwa haujaisha. Tulisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa taratibu.

"Basi uko huko kweli," akasema Time. "Nilikuwa nimekasirika, Hamisi, usidhani sikukasirika. Lakini nilishakuna nazi. Nimemtuma mtu feri kwa wavuvi akachukue samaki changu, nikasema ukija tutagombana, ila ule kwanza. Mwaka wa tatu huu hujarudi. Haya. Nitawapa majirani."

Pasiwadi akajifanya anatafuta chaja. Matroni alipangusa macho kwa ncha ya mtandio, kisha akatoa simu.

"Pole, Hamisi. Wacha niifute tu, sa hii."

Geti alikuwa ameshasimama, anaelekea msikitini nyuma ya Bufee. Akageuka.

"Usiifute," akasema. "Time atataka kuitazama. Ila wewe jikate pichani."