Ufa wa Kengele ya Kamukuywa

Kitale, Jumatatu, 4 Februari 1957

Leo ni miaka ishirini na tisa tangu niondoke Kamukuywa. Niliondoka kwa miguu, na blanketi moja na harufu ya moshi. Ati nilichoma kanisa! Nilichoma mzinga wa nyuki. Paa lilikuwa karibu.

Barua ya dada yangu Agneta imefika. Kengele ya kanisa ina ufa tangu Krismasi, inalia kama sufuria. Wazee wamekubaliana: nikiiziba, watanirudishia kiwanja cha baba, kile cha kando ya kanisa. Nimesoma barua mara nne. Macho hayashiki maandishi upesi. Uzee tu.

Jumatano, 6 Februari

Mungu yupo! Katika gazeti kuukuu alilotupa mkaguzi wa shule nimesoma habari za wataalamu wanaopiga chuma kwa chembe zisizoonekana. Chembe inapogonga, mahali padogo mno panawaka kuliko tanuri, kisha panapoa mara moja. Bamba lenyewe linabaki baridi. Basi ya nini kupasha moto kengele nzima? Ufa ni shubiri moja. Nitachoma ufa tu.

Rotich wa gereji ameniazima mitungi ya gesi ya kuchomelea. Aliuliza kama nimewahi kuchomelea. Nikamwambia nimesoma.

Kamukuywa, Ijumaa, 8 Februari

Wakhungu mhunzi alinisubiri barabarani. Tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo kwa desturi yetu anaweza kunitukana mbele za watu nami nisikasirike. Haki hiyo ameitunza vizuri. Aliuliza kwa sauti kama nimekuja kumalizia kuta. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikajibu kwamba pua yake bado inatangulia kuingia kanisani. Hawakucheka.

Kisha akaacha utani. Akasema shaba ya kengele haichomwi mahali pamoja. Chimba shimo, izike katika makaa, ipashe yote polepole tangu asubuhi, ndipo uguse ufa. Halafu iache ndani ya majivu siku mbili. Siku mbili! Magunia sita ya makaa! Nikamwuliza alisoma wapi hayo. Akasema, "Si mimi sikusoma, bana. Mimi hupiga chuma."

Wivu.

Jumamosi, 9 Februari

Asubuhi Agneta alifagia kiwanja cha baba na kupiga vigingi pembe zote nne. Nilikizunguka mara mbili. Kisiki cha mvule wa baba kingalipo. Nilichagua mahali pa mlango.

Saa nne, kengele juu ya mawe, wazee kwenye mabenchi. Nikawasha. Moto wa bluu, mwembamba kama kalamu! Ufa ukaanza kung'aa. Nikagusa ukingo wa pili kwa kiganja. Baridi! Nikamwita Mzee Jotham, mwenyekiti wao, aje ashike ashuhudie. Akashika. Akasema haleluya.

Ndipo ikalia. Mara moja tu, sauti safi kuliko zote nilizowahi kuzisikia, hata watu sokoni wakasimama.

Vipande viwili.

Nilimtazama Wakhungu, nikingoja tusi langu. Alivua kofia kama msibani. Hajawahi kunitukana vibaya hivyo.

Jumapili, 10 Februari

Watu wameitwa ibadani kwa kugonga kipande cha reli. Mzee Jotham amemtuma Agneta aniambie kwamba kiwanja kitapandwa maharagwe ya kanisa. Agneta aling'oa vigingi mwenyewe, akavifunga kamba, akanipa. Alisema nikapikie chai huko Kitale. Hakulia. Afadhali angelia.

Kitale, Jumanne, 12 Februari

Nimefikiri sana, nimeliona kosa. Gazeti lilisema mahali padogo mno. Mimi nilichoma shubiri nzima! Ningeanza na nukta moja. Na nani aliyesema wazee wakae karibu vile? Pumzi zao zilipoza shaba.

Rotich hajaulizia mitungi. Mama mwenye nyumba, Chelimo, ana chungu cha chuma alichoachiwa na marehemu mama yake. Kina ufa mwembamba kama unywele. Aliuliza kama tukipashe kwanza kwenye jiko. Nikamwambia hapana, akilete kesho kikiwa baridi.

Vigingi viko nyuma ya mlango. Sijavipikia chai.

Kamukuywa sitarudi.