Waliobonyeza Nitahudhuria

Jumatatu, 16 Juni 2025. Runazi.

Leo nimeona tovuti tatu za kusajili watu mkutanoni.

Nieleze vizuri. Mkutano wa wafanyabiashara wa maharage wa Biharamulo na Ngara ni Jumamosi ya tarehe 28, ukumbi wa parokia. Mnunuzi anatoka Mwanza. Amesema wazi: akikuta wauzaji mia moja, anasaini kununua kwetu msimu mzima. Wakipungua, anaenda wilaya nyingine. Mwenyekiti wetu, Mzee Juvenali, amenikabidhi usajili mimi Gozbert, katibu. Akaongeza, bila kunitazama, kwamba ukumbi ukiwa mtupu ukatibu atapewa Deodata.

Deodata ni mweka hazina. Anasajili watu kwenye kaunta buku lenye jalada la mfuko wa sukari. Karne hii!

Tovuti ya kwanza ilitaka jina la mtaa na namba ya nyumba. Nyumba yangu inajulikana kwa mparachichi. Ya pili ni ya bure. Jina, simu, basi. Niliifungua, ikafanya kazi, nikaidharau. Ya tatu ina saa inayohesabu sekunde kuelekea siku ya mkutano. Nilikaa nikizitazama sekunde zinavyopungua. Wateja wawili waliingia dukani wakatoka wenyewe. Mke wangu, Anneth, aliuliza hiyo saa inafanya nini zaidi ya kupungua. Nilimwonea huruma.

Nimechagua ya tatu.

Jumanne, 17 Juni

Nimejisajili kwa majaribio. Kuna kitufe cha kijani, Nitahudhuria. Kuna chekundu, Sitahudhuria. Nilibonyeza kijani, ikatokea alama ya vema na maneno: Hongera, Gozbert.

Miaka kumi na miwili ya ukatibu na hakuna aliyewahi kunipongeza. Nimejisajili mara sita zaidi.

Halafu kila aliyejisajili anatumiwa kimraba chenye vidoa vyeusi. Mlangoni unakielekezea simu, na mfumo unasema huyu ni nani. Vidoa vinamjua mtu! Nimekitazama cha kwangu kwa muda mrefu. Sikuona wapi nipo, lakini nipo.

Alhamisi, 19 Juni

Kikao cha kamati. Nimewasilisha hoja niliyoiandaa kwa siri: kulinda heshima ya mfumo, daftari lipumzike, na asiye na kimraba asiingie. Mzee Juvenali aliuliza asiye na simu ya tachi afanyeje. Nikasema aazime ya jirani. Hoja ikapita, kwa sababu jua lilikuwa kali na watu walitaka kwenda.

Deodata hakupinga. Aliuliza tu kama mfumo unaweza kumtambua aliyesema ndiyo kwa adabu. Nilimjibu kwamba mfumo haujui adabu, unajua ukweli. Jibu zuri sana. Nimelirudia peke yangu njia nzima.

Jumapili, 22 Juni

Mia mbili na kumi na wanne! Saba ni mimi, lakini bado.

Sitahudhuria: sifuri. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Nimewaza jambo hili wakati wa mahubiri. Hata malaika hawakukubaliana wote.

Anatoli wa Mugoma, anayewaongoza wenzetu wa Ngara, ameleta majina themanini kwa siku moja na kuandika: Tuko pamoja, Katibu. Tovuti ina ramani pia. Kila anayefungua linki anawasha kidoa. Vidoa kuanzia Mugoma hadi Kaniha, kama kunguni wa dhahabu. Kimoja kiko Norwei. Nimemtaarifu Mwenyekiti kwamba tuna mgeni wa Norwei.

Baada ya misa Deodata alinivuta kando. Akasema huku kwetu hakuna anayemkatalia mtu mwaliko, ni aibu. Anayekuambia tuko pamoja, Mungu akipenda, huyo ameshakuaga. Anayekuja huuliza nani anapika.

Nikamuuliza ni wangapi wameuliza hivyo kwenye mfumo. Tukaangalia wote. Hakuna hata mmoja. Nikaona hoja yake imekufa pale pale.

Jumatano, 25 Juni

Siku ya gulio. Nimemkamata! Deodata na kaunta buku lake, hadharani. Anakaa juu ya gunia la mtu, anaamkia, anaulizia mgonjwa, anaulizia mtoto aliye masomoni, anapewa kipande cha muhogo, anakula. Ndipo anaandika jina. Jina moja kwa nusu saa. Mimi wiki iliyopita kwa nusu saa nilipata kumi na tisa nikiwa nimelala.

Nimemshtaki kwa Mwenyekiti. Akasema hakuna kifungu kinachomkataza mtu kusalimia.

Nimeazima viti mia mbili na ishirini. Frednand, mkatekista, aliuliza ni harusi ya nani.

Jumamosi, 28 Juni

Niandike kwa mpangilio, nisije nikajisahaulisha.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni na simu yangu. Ukumbini saa ilionekana ukutani kwa projekta, kubwa kuliko altare. Sekunde zikafika sifuri, na vikaratasi vya rangi vikaanza kuanguka ndani ya picha. Hakuna aliyeniambia vitaanguka. Nilitoa machozi, na siyaonei haya.

Saa tatu, wenye vimraba waliofika ni tisa. Mnunuzi amekaa mbele, viti vyeupe nyuma yake hadi ukutani. Nikampigia Anatoli. Akasema tuko pamoja. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia, na si mbuzi wa safarini. Wa Norwei naye kimya.

Saa tatu na nusu zikaingia fuso mbili kutoka Kaniha, na msururu wa waenda kwa miguu kutoka huku Runazi. Watu wa Deodata. Kila mmoja alinisalimia vizuri, akauliza nani anapika. Anapika Anneth. Hilo mfumo haukuwahi kuliuliza.

Lakini hawakuwa na kimraba. Nilipotafuta majina yao mfumo uliandika kwa nyekundu: Hajasajiliwa. Nikawazuia. Mmoja, wawili, ishirini, mia moja na zaidi, wamesimama juani, na ndani viti mia mbili na kumi vitupu. Mzee Juvenali alikuja akaninong'oneza kwamba mnunuzi anachungulia dirishani na amekwisha kuuliza dereva wake yuko wapi. Nikamkumbusha, kwa heshima, kwamba hoja ilipita.

Akaondoka. Kisha nikamsikia Deodata.

Alikuwa amefungua mlango wa upande wa jikoni. Alishika kaunta buku, lakini hakulitazama. Anasema karibu Mama Ndikuriyo, goti linaendeleaje. Karibu Matiasi, umeleta sampuli ya njano? Shikamoo mzee, kiti chako kile pale karibu na dirisha. Msururu wangu ukageuka wote ukamfuata. Kwa muda wa kupika chai ukumbi ulijaa. Mimi nilibaki nalinda mlango ambao hakuna aliyeutaka.

Nikiri hapa, maana daftari hili hakuna anayelisoma. Nilistaajabu. Watu mia na ushee, na wote anawajua, na goti la kila mmoja analijua. Nilitafuta kwenye simu yangu kitufe cha kufanya hivyo, sikukiona.

Mnunuzi amesaini. Baada ya chakula wakapiga kura ya ukatibu kwa mikono. Upande wangu ulinyooka mkono mmoja, nao ulikuwa wangu mwenyewe. Anneth alikuwa jikoni. Alinyoosha mwiko, upande wa Deodata.

Jumapili, 29 Juni

Sikutaka kuamka. Kisha simu ikalia. Ujumbe kutoka kwenye mfumo: Hongera, Gozbert! Tukio lako limevutia washiriki 214.

Nimesoma mara nne. Kumbe lilifanikiwa! Kilichoniangusha si mfumo, ni mlango wa jikoni. Ningeufunga tu.

Na kuna toleo jipya. Sekunde zikifika sifuri, sasa hupiga na tarumbeta. Nimesikiliza mara kadhaa nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo nimeandaa semina: Usajili wa Kisasa kwa Wafanyabiashara, Jumamosi ya tarehe 12 Julai. Wakitoka hapo watauomba msamaha ukatibu wangu. Linki nimeituma baada ya misa. Hadi sasa wamekubali tisini na saba. Waliokataa: sifuri. Anatoli ameleta arobaini. Nimekwenda kwa Frednand kuomba viti vile vile, na kumi vya ziada. Anneth amesema siku hiyo atakuwa kwao, nitafute wa kupika. Nimemwambia semina si sherehe.

Aliyebonyeza wa kwanza kabisa ni Deodata. Hata dakika haikuisha. Kwenye nafasi ya maoni ameandika: Tuko pamoja, Mungu akipenda.

Nimemwekea kiti cha mbele.