Kumi Wakatoka Kumi na Tano

"Haiwezekani bwana! Mashine ina watu kumi, watatokaje kumi na tano? Hao watano mliwakamua pamoja na alizeti?"

Laurian, ambaye pale kwa Stumai muuza chai wanamwita Bungeni, kasimama mpaka benchi limeinama. Sixbert hakucheka. Yeye ndiye msimamizi wa mashine ya mafuta pale Shelui, na tangu biashara ya watu binafsi iwe ruksa, tajiri wake Bhavesh kila mwezi anakuja na jipya. Safari hii kasema anapima watu wanavyoacha kazi. Mwaka jana ilikuwa asilimia mia na hamsini. Mwaka huu ikizidi hapo, Sixbert atafute kwingine.

"Sikiliza, Bungeni. Unachukua walioacha mwaka mzima, unagawa kwa wastani wa waliopo, mimi nikiwemo. Unazidisha kwa mia. Kumi na tano kwa kumi. Mia na hamsini kamili, na mwaka huu tumeshafika hapo hapo."

"Mia ndiyo mwisho, kaka. Hata shuleni hakuna aliyepata mia na hamsini."

"Nafasi inaachwa, inajazwa, inaachwa tena. Redio peke yake kaacha mara tatu."

Peniel, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki, akashusha kikombe.

"Mimi? Sijaacha kazi hata siku moja! Nilikwenda kupanda uwele, nikarudi. Nikaenda kupalilia, nikarudi. Nikaenda kufukuza ndege."

"Uliaga?"

"Ndege waliaga?"

"Mhesabu mara moja," Stumai akaamua, akipuliza mkaa. "Mtu hafi mara tatu."

"Kila akirudi anaandikwa upya, dada. Anahesabika kila akitoka." Sixbert akamgeukia Peniel, sauti ikashuka. "Redio, ndugu yangu. Mwaka unafungwa Jumamosi. Akitoka hata mmoja, mimi sina kazi. Niahidi."

"Naapa. Sibanduki."

Ndipo mvua ikashika bati. Mvua yenyewe ya kupandia, ile iliyochelewa mwezi mzima. Peniel akang'ang'ania benchi kwa mikono miwili, macho kayafumba.

"Sibanduki, bosi! Unaniona? Sibanduki!"

Sixbert akamaliza chai yake. Akasimama, akakunja suruali mpaka magotini.

"Unakwenda wapi?" Laurian akauliza.

"Kupanda."

"Na asilimia ya watu?"

"Mwambieni Bhavesh ni mia na sitini."

Akatoka, akafunga mlango.